Vifungo Tisa Ndani ya Mkebe

Fundi huyu, jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Vifungo, naye hakulikataa, maana lilikuwa sifa. Shati lililotoka mikononi mwake lingepauka, lingechakaa, lingegeuzwa tambara la kupigia deki, na vifungo vingali mahali pake vinakutazama. Kila kifungo alikishona kwa uzi wa rangi ya kitambaa, kisha akapitisha mshono mmoja mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Aliianza baada ya mteja mmoja mwenye mdomo mchafu kumletea kazi ya fundi mwingine na kuapa kwa viapo vyote kwamba aliyeiharibu ni yeye. Tangu siku hiyo ikawa, "Chenye mwekundu ni changu. Kisicho na mwekundu kikamtafute baba yake."

Alikuwa na chumba kimoja cha kazi, chenye dirisha lililotazamana na ukuta wa shule ya msingi. Ndani palikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi nzito, na misumari ukutani iliyotundikwa sare za watoto zikisubiri wenyewe. Alishona mashati, sketi, kaptura, hata foronya. Kitu kimoja tu hakushona: mapazia. Mteja angeomba, angebembeleza, jibu lingekuwa lilelile, "Pazia hapana, mama. Nenda kwa mwingine." Watu walidhani ni maringo ya mafundi. Hayakuwa maringo.

Alipokuwa darasa la nne, mama yake alimshonea sketi ya shule kwa masalio ya pazia lililokaribia rangi ya sare. Lilikaribia, lakini halikufika. Wasichana wa darasa lake wakampa jina la Pazia, na mchezo juu yake. Mmoja alivuta sketi upande huu, mwingine upande ule, wengine wakiimba, "Fungua pazia! Funga pazia!" Mama yake alipokwenda kulalamika, mwalimu aliwachapa wale wasichana mbele ya darasa zima na kuwaambia ni nani aliyewasema. Kesho yake walimngoja njiani. Hayo ya njiani hakumsimulia mtu kwa miaka mingi, wala mumewe, ambaye alikuwa mtu wa safari na asingekuwa na muda wa kuyasikiliza.

Basi alipompata binti yake, mmoja tu, aliapa hataonewa na mtu. Mtoto alianza kuongea kabla ya kutembea, na alipoanza hakunyamaza, ndiyo maana bibi yake akamwita Chiriku. Siku ya kwanza ya shule mama mtu aliinama, akamrekebishia kola, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza, mwanangu. Duniani kuna anayevuta na anayevutwa. Ukiona mtu anataka kukuvuta, anza wewe." Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto msikivu.

Miaka ikaenda, Chiriku akafika darasa la sita. Muhula huo akahamia mtoto mgeni, msichana mwembamba, mpole, anayeishi na shangazi yake muuguzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi. Sare zake zote zilishonwa kwa Mama Vifungo, kwa kuwa Nesi alikuwa mtu wa zamu, hana nafasi ya kuzunguka madukani. Na wiki ya tatu tu, mtoto wa Nesi akasimama mlangoni na shati mkononi. Jua lilikuwa kali la kuchemsha ubongo, naye amevaa sweta lililofungwa mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Imekuwaje tena?"

"Kifungo kimenasa kwenye msumari."

Mama Vifungo alikasirika, lakini si kwa ajili ya mtoto. Kifungo chake, chenye mwekundu wake, kung'oka ndani ya wiki tatu? Aibu iliyoje! Akatia kingine kwa uzi maradufu na kumrejeshea shati papo hapo. Juma lililofuata mtoto akarudi: vifungo viwili, msumari uleule. Safari hii fundi akatoa uzi wa kushonea mikoba, uliopakwa nta, akashindilia mpaka sindano ikamchoma. "Hivi, mwanangu," akasema akicheka, "hata umfunge ng'ombe, atakufa yeye, kifungo kitabaki." Mtoto hakucheka. Alikitazama kile kifungo kwa muda mrefu, kisha akaomba kwa sauti isiyosikika vizuri kama kingeweza kulegezwa kidogo. Fundi akaona ni utoto. Nani huyo anayemwomba fundi alegeze kazi?

Mara ya tatu shati lilikuja na matundu matatu. Vifungo havikukatika uzi, la hasha, uzi wa mikoba haukatiki. Vilikuwa vimeondoka na kitambaa chake. Mama Vifungo akalitandika shati mezani. Mtu aliyeshika nguo miaka ishirini anajua mchano unavyosema. Msumari hukata pembe, kwenda na kushuka. Huu ulikwenda moja kwa moja kutoka shingoni, na kola ilikuwa imetanuka nyuma, palepale ambapo mtu akikuvuta kwa nguvu shingo inakataa kufuata. Akainua macho. Juu ya ukingo wa sweta palikuwa na mstari mwekundu, mbichi, uliochubuka.

"Huu si msumari," akasema.

Macho ya mtoto yalikwenda mara moja pembeni ya chumba na kurudi haraka. Pale pembeni Chiriku alikuwa ameketi juu ya kigoda, anachambua nyuzi kwa rangi, anaimba. Kazi hiyo ilikuwa yake kila alasiri tangu akiwa na miaka mitano.

"Mama," Chiriku akasema, mtamu kama asali, "kama ana haraka, mimi nitampelekea shati lake kesho darasani."

"Hapana!" mtoto wa Nesi akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza fundi kumsikia akipaza sauti. "Nitalifuata mwenyewe."

Na hapa ndipo Mama Vifungo alipofanya kosa ambalo mpaka sasa likimjia hulazimika kuacha kukanyaga cherehani. Alifurahi. Alimtazama binti yake, akaona moyo wa huruma, akajipongeza kwa malezi. Akamshika Chiriku bega, akamsogeza karibu na yule mtoto, akasema, "Huyu mwenzako ni mgeni, yuko peke yake. Nimekukabidhi. Mtu yeyote akimgusa, niambie." Kisha akamgeukia mtoto wa Nesi: "Na wewe ukitoka shule uwe unapita hapa kila siku nikuone. Umesikia?" Mtoto alisema amesikia. Alisema akitazama chini.

Kwenda shuleni kusema alichokiona, hakwenda. Alifika mpaka getini siku ya pili, akasimama, mlinzi akamuuliza, "Vipi, fundi, unamtaka nani?" Akakumbuka mama yake, na viboko mbele ya darasa, na njia ya kurudi nyumbani. Akasema amekuja kuangalia kama kuna sare za kurekebisha. Akarudi kwenye cherehani yake, akayatia yale matundu kiraka kwa ndani, safi kabisa, ukitazama kwa mbali hukioni. Lakini watoto hawatazami kwa mbali. Alhamisi, wakati wa mapumziko, sauti zikavuka ukuta na kuingia dirishani: "Kiraka! Kiraka!" Akajiambia watakuwa wanampigia kelele mchezaji wao wa mpira. Akajiambia hivyo mara mbili.

Ijumaa mtoto wa Nesi hakupita.

Saa tisa shule ilitoka. Saa tisa na nusu Chiriku alikuwa ameshakula na kunawa, anaimba uani. Saa kumi ikagonga. Mama Vifungo alishona huku jicho liko mlangoni, na kila kivuli kilichopita kilimfanya ainuke nusu. "Chiriku, mwenzako hukumwona?" Chiriku akajibu kutoka uani kwamba Ijumaa mchana ni michezo, kila mtu yuko kivyake, atakuwa amekwenda kwao. Jibu la maneno machache, kwa mtoto wa maneno mengi. Fundi akalisikia hilo, akalifukuza.

Akaanza kutafuta mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, uliopotea tangu juzi. Alitafuta chini ya meza, kwenye kopo la chaki, mfukoni mwa aproni. Mwishowe, kwa kukata tamaa tu, akafungua mkoba wa shule wa Chiriku na kutoa mkebe wa bati wa kuwekea kalamu na rula. Ulikuwa mzito kuliko kawaida. Akaufungua.

Mkasi ulikuwemo. Na chini ya mkasi, vifungo. Vyeupe, vya matundu manne, na katika kila kimoja uzi wake mwekundu. Vingine bado vilikuwa na vipande vya kitambaa. Akavihesabu, akavihesabu tena. Kimoja, na viwili, na vitatu: alivyorudishia yeye vilikuwa sita. Humu mlikuwa na tisa. Vitatu vya juu vilikuwa vipya, na kimoja kati yake kilikuwa na alama kavu ya rangi ya kahawia ambayo haikuwa kutu.

"Hodi, fundi!"

Alikuwa Nesi, bado na sare yake ya zahanati, anahema. "Dada yangu, mwanangu hajapita hapa? Nimefika nyumbani mlango umefungwa, na ufunguo anao yeye. Majirani hawajamwona."

Jamani, hofu ni kitu kibaya. Mama Vifungo aliuvuta ule mkebe, akaufunika kwa kitambaa kilichokuwa mezani, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Hapana, dada. Leo hajapita." Haukuwa uongo, na ndiyo maana ulitoka upesi. Nesi akashukuru. Akasema atajaribu kwa rafiki zake, kisha akasita akajiuliza kwa sauti rafiki zake ni akina nani, maana hakuwahi kumsikia akimtaja hata mmoja. Akaondoka mbiombio.

Fundi akabaki amesimama, mkono juu ya kitambaa. Huyu ni mwanangu, akawaza. Nikisema, watamfukuza, watamwita kila jina, wataniita mimi kila jina. Nisiposema... Hakumaliza. Akaenda uani.

Hakupiga kelele. Alifungua kiganja na kuonyesha kile kifungo chenye alama ya kahawia. "Yuko wapi?"

Chiriku akanyamaza. Katika miaka yake kumi na miwili hakuwahi kunyamaza hivyo, na kimya hicho kilimtisha mama yake kuliko vifungo vyote tisa.

"Mwanangu, yuko wapi?"

"Tulimfungia," Chiriku akasema polepole. "Kwenye stoo ya madawati mabovu. Saa saba. Ilikuwa utani tu, mama. Tulikubaliana mwenzetu mmoja akamfungulie baada ya michezo."

"Akamfungulia?"

"Sijui. Kila mtu alidhani..." Midomo ikaanza kumcheza. "Sijui, mama."

Stoo ile ilikuwa na komeo la nje na paa la bati, haina dirisha. Ijumaa mchana hakuna kuita majina. Jumamosi shule imefungwa, na Jumapili pia. Mama Vifungo aliona yote hayo kwa mara moja, akatoka mbio miguu mitupu, mkebe mkononi, anaita, "Nesi! Nesi! Rudi!" Watu wakatoka milangoni. Alimpata kwenye kona na kumwambia kila kitu palepale njiani, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: ni mwanangu, ni Chiriku, amemfungia mwanao, twende. Nesi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mlinzi alifungua geti akiuliza maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Nyuma ya jengo la mwisho komeo lilikuwa limekaa mahali pake, limejaa kutu, na ndani kimya. Kimya kabisa. Mikono ya fundi, mikono inayopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama, ilishindwa kulisukuma lile komeo. Mlinzi akamsogeza, akaligonga kwa jiwe.

Joto lilitoka kwanza. Kisha macho yakazoea giza, wakamwona: amejikunja mwisho kabisa, chini ya dawati lililovunjika miguu, shati limefunguka, kola ameishika kwa mikono miwili. Midomo imekauka. Macho yapo wazi, yanatazama.

"Mama, toka, tumekuja," Mama Vifungo akasema akilia. "Ni mimi. Mama Vifungo."

Mtoto akarudi nyuma. Hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, lakini alirudi, akajibana ukutani, na kucha zake zikakwaruza saruji. Hapo ndipo fundi alipoelewa kwamba kwa mtoto huyu yeye hakuwa Mama Vifungo. Alikuwa mama yake Chiriku. Akatoka nje, akamwachia Nesi aingie peke yake.

Jumatatu asubuhi walikuwa ofisini: mwalimu mkuu, mwalimu wa malezi, Nesi, Mama Vifungo na Chiriku. Mkebe ulikuwa mezani, wazi. Mwalimu mkuu, mtu mwema anayependa mambo yaishe kabla ya chai, alitaka mtoto wa Nesi aitwe, Chiriku aombe msamaha, wapeane mikono, na Chiriku achapwe mbele ya gwaride iwe fundisho. Mwalimu wa malezi, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti, akasema hapana.

"Kupeana mikono leo ni kwa faida yetu, tupate usingizi," akasema. "Yule mtoto amelia mpaka hata sauti hana. Nani kamuuliza kama anataka kumshika mkono huyu? Na huyu tukimchapa mbele ya watu, atakayelipa ni yule, tena mahali ambapo sisi hatupo."

Mama Vifungo aliinua kichwa. Miaka thelathini na zaidi alikuwa akingoja mtu aseme maneno hayo, na sasa yamesemwa yeye akiwa upande wa pili wa meza. Akamgeukia binti yake. "Kwa nini, Chiriku? Alikukosea nini?"

Chiriku alikuwa amevimba macho kwa kulia. Alimtazama mama yake kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua vizuri kuliko yeye.

"Si wewe uliniambia nianze mimi?"

Nesi aliutazama mkebe, kisha akamtazama fundi. "Na wewe, dada yangu," akasema taratibu, "shati lilikujia mara tatu. Ukawa unashona tu?"

Yaliyofuata yalikwenda polepole, na si yote yaliyokwenda vizuri. Stoo ilitiwa kufuli. Chiriku alihamishiwa mkondo mwingine, na kila siku saa nne akaketi mbele ya mwalimu wa malezi. Wenzake watatu aliofungia nao mlango waliitwa mmoja mmoja. Wakaitwa pia waliokuwa wakitazama, maana ilibainika watoto kumi na mmoja walijua na hakuna aliyesema. Wakaonyeshwa mlango wa mwalimu wa malezi, waugonge wakiona mwenzao anaonewa, na wakaahidiwa kwamba atakayegonga hatatajwa. Fundi naye alipewa kazi: shati lolote litakalofika kwake na mchano wa mkono, mwalimu alijue siku hiyohiyo. Ameshapeleka mawili. Kila akifika kwenye lile geti hukumbuka yaleyale, lakini huvuka. Nyumbani hakumpiga Chiriku, ingawa mkono ulimwasha. Alimkalisha kwenye kigoda na kumsimulia habari ya Pazia, mpaka yale ya njiani.

Baada ya wiki saba Nesi alikuja kushonesha shati jipya, kwa sababu mtoto alikuwa amerefuka. Chiriku alikuwa kwa bibi yake siku hiyo, kwa mpango. Mtoto alisimama katikati ya chumba, ameshaacha kuvaa sweta. Mama Vifungo akatoa utepe wake wa kupimia shingoni mwake, akausogeza kwenye shingo ya mtoto kama alivyofanya kwa maelfu ya watoto. Mikono miwili ikaruka na kuishika kola.

Fundi akarudi hatua moja. Akampa Nesi utepe. "Mpime wewe, dada. Mimi nitaandika."

Nesi alipima vibaya, anakunja pasipokunjwa, na fundi hakumsahihisha. Mabega. Mkono. Shingo. Walipomaliza, aliuliza kama kuna lolote la kuongeza, akidhani Nesi ndiye atakayejibu.

"Vifungo," mtoto akasema. Alikuwa anaitazama sakafu. "Usivikaze sana. Vikivutwa, vitoke upesi."

Mama Vifungo alisema, "Sawa, mama." Walipoondoka alifunga mlango wa duka, saa kumi alasiri, wateja wakiwa njiani. Akalishona lile shati siku hiyohiyo, vifungo vyote saba, kwa uzi mmoja mwembamba, na mwekundu wake hakuutia.